Eksirei ya meno ya mkononi: hatua za kujikinga na mionzi

Mashine ya ukutani unaiwasha ukiwa nje ya mlango. Hii umeishika mwenyewe, na mionzi ikigonga shavu la mgonjwa hutawanyika, mingine ikirudi kwako. Fuateni hatua hizi hata foleni ya wanafunzi mnaowapiga picha shuleni ikiwa ndefu.

1. Anza na leseni. Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), Kenya ni KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia. Msinunue mtandaoni mashine isiyojulikana: mwaka 2012 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu mashine za namna hiyo.

2. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Lile duara angavu lenye risasi (madini ya ledi) kwenye koni, yaani mdomo wa mashine unaotoa mionzi, ndilo ngao yako. Lisitolewe kwa kisingizio kwamba linazuia kuona. Lisogeze hadi mwisho wa koni, karibu na ngozi ya mgonjwa, nawe usimame nyuma yake. Mashine ilale sawa na sakafu. Ukiiinamisha, uso au nyonga zako zinatoka kwenye kinga. Mgeuze mgonjwa, siyo mashine: kwa meno ya mbele ya juu ashushe kidevu, ya chini akiinue.

3. Wengine wakae angalau mita 2, na asiwepo mtu mbele ya koni. Shuleni, elekeza kwenye ukuta imara, kamwe si mlangoni.

4. Filamu au sensa ishikwe na kishikio. Kidole chako kisiingie kwenye mionzi.

5. Vaa aproni ya risasi, na dosimita (kipimo cha mionzi unayopata) kifuani chini yake. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kizio cha kupimia mionzi mwilini) kwa mwaka. Ukimaliza, toa betri na ufungie mashine kabatini.

Maswali

*Mwalimu, nina mimba changa. Niendelee?*
Hongera, dada. Mwambie msimamizi leo, usingoje tumbo lionekane. Tangu utoe taarifa, mtoto asipate zaidi ya milisiveti 1 hadi ujifungue. Kwa mashine hii, ningemwomba mwenzako apige picha.

*Dosimita naiacha chumba cha eksirei, kuna ubaya?*
Ndiyo. Itasoma mionzi ambayo wewe hukupata. Itunze mbali na chumba hicho.

*Mashine nzito, mikono inatetemeka mchana.*
Dokta, tumia stendi na swichi ya waya, urudi nyuma mita 2. Mkono ukitetemeka picha inakuwa na ukungu, unarudia, na mtoto anapigwa mionzi mara mbili.