Bakteria asiyetambulika kwenye sampuli ya mgonjwa: jinsi ya kuthibitisha kama ni spishi mpya

Koloni zimeota vizuri kwenye agari ya damu na rangi ya Gram inasomeka bila shida, lakini MALDI-TOF (mashine inayotambua bakteria kwa uzito wa protini zake) inarudisha alama 1.6 pamoja na orodha ya majina yasiyohusiana. Hapa ndipo wengi hufurahi mapema. Mara nyingi bakteria "asiyejulikana" ni spishi iliyokwisha kupewa jina zamani: otesho lilikuwa na mchanganyiko, protini hazikutoka kwenye seli, au hifadhidata ya mashine haina spishi hiyo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ichukuliwe kama jaribio la kuliangusha dai kwamba bakteria huyu ni mpya. Dai likibaki limesimama baada ya hatua zote, endelea na jina.

Mgonjwa na usalama kwanza

Daktari asingoje taksonomia. Mpe mapema ulicho nacho: umbo na rangi ya Gram, jenasi ukiifahamu, na vipimo vya dawa kwa thamani za MIC (kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kuota). Kama spishi haina viwango vyake vya kutafsiri MIC, andika hivyo kwenye ripoti badala ya kuazima viwango vya spishi nyingine kimyakimya. Eleza pia sampuli ilitoka wapi mwilini na bakteria huyo alipatikana mara ngapi. Koloni moja kutoka chupa moja ya damu kati ya nne inaweza kuwa imetoka kwenye ngozi. Bakteria yuleyule kwenye chupa kadhaa zilizochukuliwa sehemu tofauti ana uzito mwingine kabisa.

Ukiona vijidudu vidogo vya Gram hasi, vifupi kama kokasi zilizorefuka, vinavyoota polepole, hamishia kazi kwenye kabati la usalama wa kibiolojia na usinuse sahani. Brucella imewahi kutambuliwa kimakosa na mifumo ya kawaida kuwa Ochrobactrum au Psychrobacter, na wahudumu wa maabara huambukizwa kwa njia hiyo. Iondoe kwanza kwenye orodha ya uwezekano, ndipo ufikirie upya wa spishi.

Otesho safi

Chukua koloni moja iliyojitenga, ichore kwenye sahani mpya, na urudie angalau mara tatu. Acha sahani ya mwisho siku mbili au tatu zaidi ya kawaida, kwa sababu mwenzi anayeota polepole hujificha chini ya anayeota haraka. Bakteria wasiopenda oksijeni wapandwe sambamba kwenye hewa ya kawaida, hewa yenye CO2 asilimia 5, na mtungi usio na oksijeni. Otesho likishakuwa safi, gandisha mirija kadhaa kwenye nyuzi −80 katika mchuzi wenye gliserini asilimia 15 hadi 20. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Bakteria wengine hufa au hubadilika baada ya kuhamishwa mara nyingi, na bila otesho hai hutakuwa na spishi ya kueleza.

Ibane mashine kabla ya kuiamini

Kwenye mfumo wa Bruker, alama 2.0 na kuendelea husomwa kama utambuzi wa spishi, 1.7 hadi 1.99 jenasi tu, na chini ya 1.7 ni kukosa jibu. Alama ndogo haimaanishi upya. Rudia kwa koloni changa, kisha weka mikrolita 1 ya asidi ya fomiki asilimia 70 juu ya doa kabla ya kemikali ya HCCA. Ikishindikana, toa protini kwenye mrija:

1. Changanya koloni chache kwenye mikrolita 300 za maji safi, ongeza mikrolita 900 za ethanoli halisi.
2. Zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ya juu dakika 2, mwaga kimiminika, zungusha tena, ondoa mabaki yote, acha tonge likauke.
3. Ongeza mikrolita 25 hadi 50 za asidi ya fomiki asilimia 70, kisha kiasi hichohicho cha asetonitrili. Zungusha dakika 2.
4. Weka mikrolita 1 ya maji ya juu kwenye bamba, acha ikauke, funika kwa mikrolita 1 ya HCCA.

Kosa la kawaida ni kuacha ethanoli kwenye tonge, au kuweka seli nyingi mno hadi doa likawa tope. Angalia spektra yenyewe, si alama peke yake. Spektra yenye vilele vingi vilivyo wazi lakini isiyo na jina inastahili kufuatwa. Iliyo bapa ni kasoro ya maandalizi.

Hata alama nzuri huweza kudanganya pale spishi halisi inapokosekana kwenye hifadhidata. Elizabethkingia anophelis, iliyoelezwa mwaka 2011 kutoka utumbo wa mbu, ilisomwa katika maabara nyingi kama E. meningoseptica kwa sababu mashine hazikuwa na spektra zake. Sifa za koloni zikipingana na jina lililotolewa, endelea na jeni.

Jeni la 16S

Jeni hili la RNA ya ribosomu lina takribani bezi 1,500. Lisome lote. Kipande cha bezi 500 kinatosha kwa kazi ya kila siku ya hospitali, hakitoshi kudai spishi mpya, kwa kuwa tofauti hazikutawanyika sawasawa kwenye jeni.

Tumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) 27F na 1492R. Mzunguko wa kawaida wa PCR: nyuzi 95 kwa dakika 5, kisha mara 30 za nyuzi 95 kwa sekunde 30, nyuzi 55 kwa sekunde 30 na nyuzi 72 kwa sekunde 90, mwisho nyuzi 72 kwa dakika 7. Weka mrija mmoja usio na DNA kila mara. Vimeng'enya na vitendanishi vyenyewe vinaweza kuwa na mabaki ya DNA ya bakteria, na mrija huo ukitoa mkanda wa DNA kwenye jeli, matokeo yote ya siku hiyo yatupwe. Kama hakuna mkanda kwenye sampuli, shuku mambo mawili: ukuta mgumu wa Gram chanya ambao haukuvunjika (ongeza lisozaimu, au lisostafini kwa stafilokokasi), au praima isiyokaa vizuri. 27F ya kawaida haiendani sawasawa na Bifidobacterium, kwa mfano.

Usomaji wa Sanger hutoa bezi 700 hadi 800 nzuri kwa kila upande, hivyo katikati hubaki pembamba. Ongeza praima ya ndani. Kisha fungua kromatogramu (mchoro wa vilele vya usomaji) na uikague kwa macho. Vilele viwili mahali pamoja kwenye jeni lote ni dalili ya otesho chafu. Vilele viwili kwenye nafasi chache tu vyaweza kuwa halali, maana jenomu nyingi hubeba nakala kadhaa za 16S zinazotofautiana kidogo, E. coli ana nakala 7.

Linganisha na streni mfano tu, yaani ile streni moja iliyowekwa rasmi kuwa rejea ya jina la spishi. Hifadhidata ya EzBioCloud imejengwa kwa kazi hiyo, na BLAST ya NCBI inaweza kuwekewa kichujio cha streni mfano. Bila kichujio, unaweza kulingana kwa asilimia 100 na mfuatano ulioandikwa jina lisilo sahihi na mtu mwingine.

Mpaka unaotumika ni asilimia 98.7. Ukiwa chini ya hapo dhidi ya kila streni mfano, una spishi tofauti kwa uwezekano mkubwa. Chini ya takribani 94.5, fikiria hata jenasi mpya. Asilimia 97 iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1990 imeachwa. Fanya hesabu kidogo hapa: kwenye bezi 1,450, asilimia 98.7 ni tofauti kama 19 tu. Bezi 5 zilizosomwa vibaya kwenye ncha zinasogeza jibu kwa asilimia 0.3, na spishi "mpya" kadhaa huzaliwa kwa uzembe huo. Kata ncha chafu bila huruma.

Jambo la kukumbuka kuliko yote katika sehemu hii ni kwamba mpaka huo hufanya kazi upande mmoja. Ufanano mdogo ni ushahidi wa kutofautiana, lakini ufanano mkubwa hauthibitishi kuwa ni spishi moja. Staphylococcus argenteus, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2015, ina 16S sawa kabisa na ya S. aureus, ilhali ANI (wastani wa ufanano) ya jenomu zao ni karibu asilimia 87. Streptococcus mitis na S. pneumoniae nao hawatenganishwi na jeni hili. Kwa makundi ya namna hiyo jeni nyingine kama rpoB au gyrB hutoa mwanga wa haraka, na jibu la mwisho liko kwenye jenomu.

Jenomu nzima

Hapa ndipo spishi huamuliwa siku hizi. Toa DNA kutoka otesho lililotokana na koloni moja, hakikisha uwiano wa A260/280 (kipimo cha usafi wa DNA) uko karibu na 1.8, na usome kwa kina kisichopungua mara 50. Baada ya kuunganisha vipande, pitia programu ya CheckM: ukamilifu uzidi asilimia 95 na uchafuzi uwe chini ya 5. Kisha fanya ukaguzi ambao wengi huuruka: toa 16S kutoka kwenye jenomu na uilinganishe na ile uliyoisoma kwa Sanger. Zisipofanana, mrija mmoja ulibadilishwa mahali fulani, na ni afadhali kugundua leo kuliko baada ya kuchapisha.

Halafu pima ulinganifu wa aina mbili:

ANI ni wastani wa ufanano wa vipande vya jenomu mbili. Mpaka wa spishi ni asilimia 95 hadi 96. Programu ya FastANI hufanya kazi hii kwa dakika chache.

dDDH ni mrithi wa kompyuta wa jaribio la zamani la kuunganisha DNA mbili. Mpaka ni asilimia 70. Kwenye matokeo ya tovuti za GGDC au TYGS, soma fomula ya 2, kwa sababu haitegemei urefu wa jenomu na hivyo haivurugwi na jenomu isiyokamilika.

Usilinganishe na jirani mmoja tu. Aliye karibu zaidi kwa 16S si lazima awe karibu zaidi kwa jenomu, kwa hiyo chukua streni mfano zote za jenasi zilizo karibu. Kama mmoja wao hana jenomu iliyochapishwa, mwagize kutoka kwenye mkusanyiko wa vimelea na umsome mwenyewe. Hakuna njia ya mkato hapa: streni mfano moja ikikosekana, huenda ndiyo jina halisi la bakteria wako.

ANI ya 95.3 na dDDH ya 64 itakuumiza kichwa. Katika ukanda huo, tafuta streni zaidi za bakteria huyohuyo na uchore mti wa jeni za msingi zinazopatikana kwenye jenomu zote. Zikijikusanya kwenye tawi lao lenye mzizi imara, hoja ina nguvu. Kwa streni moja peke yake katika ukanda huo, mimi ningengoja.

Sifa za seli

Pima joto, pH na chumvi anavyostahimili, katalesi, oksidesi, mwendo, na vimeng'enya kwa vifaa vya API au mfano wake. Streni mfano za majirani zipimwe pembeni yake, siku ileile, kwenye agari ileile. Kunakili sifa za majirani kutoka makala za zamani huzaa tofauti ambazo ni za agari, si za spishi. Asidi za mafuta za utando ndizo rahisi zaidi kuharibika kwa njia hii, kwani bakteria hubadilisha mchanganyiko wake kufuatana na joto la kuoteshea. Mwishowe unahitaji walau sifa chache ambazo maabara ya kawaida inaweza kuzitumia kumtenga na jirani zake.

Jina na amana

Streni mfano lazima iwekwe kwenye mikusanyiko miwili ya umma iliyo katika nchi mbili tofauti, bila masharti ya kuzuia wengine kuipata. DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani, CCUG ya Sweden na NCTC ya Uingereza ni baadhi yake. Anza mapema. Vyeti vya amana huweza kuchukua miezi, na sheria za nchi ilikotoka sampuli kuhusu rasilimali za kibiolojia huenda zikahitaji kibali kabla ya kusafirisha. Ridhaa na kanuni za maadili zifuatwe pia; maelezo ya mgonjwa yasitoshe kumtambulisha.

Jina hufuata Kilatini na ICNP, kanuni ya kimataifa ya majina ya bakteria. Sifa ikubaliane na jinsia ya jenasi: Staphylococcus ni ya kiume, ndiyo maana ni argenteus, kwenye Corynebacterium, isiyo ya kiume wala ya kike, ingekuwa argenteum. Unaweza kumuenzi mtu, kama Kingella na Elizabethkingia zinavyomuenzi Elizabeth King, mwanabakteriolojia wa Marekani, lakini usijipe jina lako mwenyewe. Angalia LPSN, orodha ya majina ya bakteria, kama jina limeshachukuliwa.

Makala ikichapishwa kwenye jarida la IJSEM, jina huwa halali moja kwa moja. Ikichapishwa kwingine, ni lazima uombe jina liingizwe kwenye orodha ya uhalalishaji ya jarida hilo ukiambatisha vyeti. Kuna majina mengi yanayotumika kwenye makala ambayo hayakuwahi kufika hapo. Weka hadharani jenomu na mfuatano wa 16S vikiwa na namba za usajili. Kisha ongeza spektra za streni zako kwenye hifadhidata ya MALDI-TOF ya maabara, na upitishe upya otesho zote zilizogandishwa kwa miaka iliyopita zikiwa na lebo ya jenasi tu. Wagonjwa wa pili na wa tatu wa spishi hiyo mara nyingi tayari wamo kwenye friza.