Somo: Namna ya Kuwasilisha Lalamiko na Kulipandisha Ngazi kwa Mteja wa Huduma Binafsi ya Kibenki

Mteja wa huduma binafsi ya kibenki, yaani yule ambaye mali yake inasimamiwa na meneja uhusiano anayemfahamu yeye na familia yake, mara nyingi huchelewa kulalamika kwa sababu ya uhusiano huo wenyewe. Jambo likiharibika huzungumzwa kwa simu, ahadi ya kulifuatilia hutolewa kwa upole, na miezi hupita bila karatasi hata moja kuonyesha kwamba mteja aliwahi kulalamika. Somo hili linaeleza namna ya kulitoa lalamiko kwenye mazungumzo na kulifanya hati yenye tarehe, kwa kuwa hati hiyo ndiyo ushahidi wa siku ambayo benki ilianza kudaiwa jibu. Wewe nawe unahesabiwa siku, kwani muda wa kulalamika una kikomo, hata kama hakuna aliyekuambia.

Hatua ya 1: Tambua hasa unalalamikia nini

Hasara peke yake si lalamiko. Thamani ya uwekezaji ikishuka kwa sababu soko zima limeshuka, na uwekezaji huo ulikuwa ndani ya mkataba na ndani ya kiwango cha hatari ulichokubali, utapata shida kuonyesha kosa la benki. Lalamiko lina miguu pale ambapo agizo lako halikutekelezwa au lilicheleweshwa, ada imetozwa tofauti na ilivyokubaliwa, ushauri uliopewa haukulingana na hali yako, hatari ya bidhaa haikuelezwa, au meneja aliyepewa mamlaka ya kuwekeza kwa niaba yako amevuka mipaka ya mamlaka hayo. Chagua moja kati ya hayo, au mawili ikibidi. Anayeorodhesha kila kero ya miaka mitano huipa benki nafasi ya kujibu zile nyepesi na kuliacha lile zito.

Malipo ambayo hukuyaidhinisha hayasubiri utaratibu huu. Piga simu benki saa ile ile, omba akaunti izuiwe, kisha thibitisha kwa maandishi siku hiyo hiyo. Sheria za malipo za Umoja wa Ulaya zinamtaka mteja atoe taarifa bila kuchelewa, na kwa vyovyote ndani ya miezi 13 tangu fedha zitoke. Hata hivyo, katika ulaghai nafasi ya kuzirudisha fedha hupungua kila saa inayopita.

Hatua ya 2: Jua mlalamikaji ni nani kisheria

Wateja wengi wa huduma hii hawamiliki akaunti kwa majina yao. Mali imewekwa chini ya kampuni ya familia au mfuko unaoshikiliwa na wadhamini, na hapo mwenye haki ya kulalamika ni kampuni au wadhamini, si mtu anayenufaika. Jambo hili huamua pia milango ipi ya nje iko wazi. Nchini Uingereza, kwa mfano, Financial Ombudsman Service, yaani msuluhishi huru wa migogoro ya fedha, hupokea malalamiko ya mtu binafsi bila kujali utajiri wake, lakini mfuko wa wadhamini hupokewa tu ikiwa mali yake halisi haifikii pauni milioni 5.

Angalia pia daraja ulilowekwa. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Januari 2018, mteja binafsi anaweza kuomba ahesabiwe kuwa mtaalamu endapo anatimiza vigezo viwili kati ya vitatu: kufanya miamala mikubwa ya kutosha kwa wastani wa mara 10 kila robo mwaka katika robo nne zilizopita, kuwa na mali ya kifedha inayozidi euro 500,000, na kuwa amefanya kazi ya kitaalamu katika sekta ya fedha kwa angalau mwaka mmoja. Daraja hilo hufungua bidhaa zaidi na hupunguza ulinzi, kwani benki huruhusiwa kudhani kwamba unazielewa bidhaa hizo. Ukikuta saini yako kwenye fomu hiyo ilhali vigezo hukuvitimiza, hilo lenyewe ni lalamiko, na mara nyingine ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Hatua ya 3: Kusanya kumbukumbu kabla ya kutangaza nia

Pakua taarifa zote za akaunti, mkataba pamoja na masharti ya jumla, fomu ya wasifu wako wa uwekezaji, ripoti za ushauri, jedwali la ada na barua pepe. Fanya hivyo ukiwa bado na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa benki. Kisha soma vifungu viwili ambavyo wateja huviruka. Cha kwanza ni kile kinachosema kwamba taarifa ya akaunti isiyopingwa ndani ya siku kadhaa huhesabiwa kuwa imekubaliwa. Cha pili ni cha barua kuhifadhiwa benki badala ya kutumwa nyumbani, utaratibu uliokuwa umezoeleka Uswisi, ambapo barua iliyowekwa kwenye faili huchukuliwa kuwa imekufikia tangu siku hiyo. Vifungu viwili hivi vikikutana, mteja anaweza kuambiwa kwamba aliridhia muamala ambao hakuwahi kuuona.

Pale sheria inapokuruhusu, omba pia taarifa zako zilizo mikononi mwa benki. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, huipa benki mwezi mmoja wa kujibu ombi hilo, muda unaoweza kuongezwa ombi likiwa gumu. Rekodi za simu zinazohusu maagizo ya uwekezaji hutakiwa kutunzwa kwa miaka 5 chini ya kanuni za uwekezaji za Umoja huo. Zitaje kwa tarehe na kadirio la saa, maana ombi la “rekodi zote” hukaa mezani muda mrefu.

Hatua ya 4: Andika lalamiko lenyewe

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kufa, kwa hiyo tulia. Kanuni za Uingereza hulitambua hata lalamiko la mdomo, lakini nchini Marekani kanuni ya FINRA, chombo kinachosimamia kampuni za udalali wa hisa na hatifungani, inayozitaka kampuni hizo kutunza kumbukumbu za malalamiko inahusu yale ya maandishi. Andika, popote ulipo.

Sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba hili ni lalamiko rasmi na itaje namba ya akaunti. Bila sentensi hiyo, barua yako inaweza kuwekwa kwenye faili kama maoni ya mteja. Fuatisha matukio kwa mpangilio wa tarehe, kila tukio na kiambatisho chake. Taja kifungu cha mkataba kilichovunjwa, na usitumie neno “wizi” au “utapeli” isipokuwa unao ushahidi wake, kwa sababu tuhuma za namna hiyo huihamisha barua kutoka kitengo cha malalamiko hadi kwa wanasheria, nao huanza kwa kuilinda benki.

Hesabu ya hasara inahitaji uaminifu. Tuseme mkataba uliruhusu hisa zisizidi asilimia 30 ya mali, na taarifa ya robo ya pili ikaonyesha asilimia 52. Unachodai ni hasara iliyoletwa na ziada ile ya asilimia 22, si hasara ya mali yote. Kama ziada hiyo iliwahi kuleta faida kabla ya kuanguka, itaje wewe kwanza, maana benki haitaisahau. Kisha eleza unachotaka: kurudishiwa ada, kulipwa fidia ya kiasi fulani, kurekebishiwa kumbukumbu, au kubadilishiwa meneja. Mteja anayeandika tu kwamba “amesikitishwa” hupata barua nzuri ya kuombwa radhi.

Tuma barua kwenye anwani ya malalamiko iliyotajwa kwenye mkataba au tovuti ya benki, nakala kwa meneja uhusiano, na udai uthibitisho wa kupokelewa wenye namba ya kumbukumbu. Usimpe meneja awe tarishi wa barua inayomlalamikia.

Hatua ya 5: Pandisha ngazi ndani ya benki

Ukishapata namba ya kumbukumbu, mazungumzo yote yapitie kwa afisa aliyekabidhiwa lalamiko. Meneja akipiga simu kueleza kwamba mambo yamekaa sawa, mshukuru, kisha mwandikie muhtasari wa aliyosema na umwombe athibitishe. Uchunguzi ukirudishwa kwa mtu yule yule anayelalamikiwa, mwandikie mkuu wa kitengo cha malalamiko, na nakala kwa idara ya uzingatiaji wa sheria, ukieleza mgongano wa maslahi.

Muda wa kujibu hutofautiana. Uingereza kwa kawaida huipa benki wiki 8 kutoa jibu la mwisho. Australia huipa siku 30 kwa malalamiko mengi, tangu Oktoba 2021. Malalamiko ya malipo katika Umoja wa Ulaya hujibiwa ndani ya siku 15 za kazi, zinazoweza kufika 35 kwa sababu maalumu. Muda ukipita bila jibu, huna haja ya kuendelea kusubiri kwa heshima: kimya hicho mara nyingi ndicho kinachokufungulia mlango wa nje.

Hatua ya 6: Toka nje ya benki

Tofautisha milango mitatu. Msuluhishi huru husikiliza mgogoro wako na benki, kwa kawaida bila malipo kwa mtu binafsi. Mdhibiti husimamia mwenendo wa benki, lakini kwa kawaida haamui madai ya mtu mmoja mmoja. FINMA ya Uswisi, kwa mfano, haiamui migogoro ya mkataba kati ya mteja na benki. Mahakama, au baraza la usuluhishi lililotajwa kwenye mkataba, hutoa hukumu, kwa gharama zake.

Wasuluhishi nao hawafanani. Wa Uingereza hutoa uamuzi unaoifunga benki mteja akiukubali, na mteja anayo miezi 6 ya kumpelekea lalamiko tangu benki ilipotuma jibu lake la mwisho. Msuluhishi wa benki wa Uswisi, aliyeanza kazi mwaka 1993, hupatanisha tu. Pendekezo lake halimlazimishi yeyote. Ikiwa unaishi nchi moja na akaunti iko nyingine, anza na nchi ya taasisi iliyosaini mkataba wako. Ndani ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya, FIN-NET, mtandao wa wasuluhishi wa migogoro ya fedha ulioanzishwa mwaka 2001, husaidia kukuelekeza kwa msuluhishi anayehusika.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikilalamika, je, benki inaweza kunifungia akaunti?

Jibu: Marahaba. Mikataba mingi huruhusu kila upande kuuvunja uhusiano kwa notisi, na siwezi kukuahidi kwamba halitatokea. Lakini kufunga akaunti hakufuti lalamiko, na kama kunaonekana kuwa kisasi, liongeze kwenye barua kama kosa la pili. Ndiyo sababu kumbukumbu hukusanywa kwanza.

Swali: Meneja aliyenishauri amehamia benki nyingine. Nimfuate huko?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Alikushauri kwa niaba ya benki ya awali, nayo ndiyo iliyosaini mkataba na ndiyo yenye kumbukumbu. Mpelekee lalamiko mwajiri wake wa wakati ule, na usikubali jibu la kwamba “mhusika hayupo tena”.

Swali: Maelekezo mengi tulipeana kwa WhatsApp. Yanahesabika?

Jibu: Yanahesabika, na huenda benki haina nakala. Mwezi Septemba 2022 tume ya dhamana na masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza adhabu za zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa kampuni kubwa za fedha zilizoshindwa kutunza mawasiliano ya wafanyakazi yaliyopita kwenye simu binafsi. Hamisha mazungumzo yote pamoja na tarehe zake, usikate vipande vinavyokupendeza, na usibadilishe simu kabla ya kuyahifadhi.

Swali: Nimekopa kwa dhamana ya uwekezaji wangu, na benki inanitaka niongeze dhamana wakati lalamiko linaendelea. Nigome?

Jibu: Usigome, dada. Lalamiko kwa kawaida halisimamishi riba wala wito wa kuongeza dhamana, na benki inaweza kuuza mali yako kwa mujibu wa mkataba. Omba kwa maandishi mauzo yasitishwe hadi uchunguzi uishe. Ikikataa, timiza wito huo kama unaweza, ukiandika kwamba unafanya hivyo bila kuacha madai yako.

Swali: Mzee wetu amefariki, na tumegundua ada za ajabu kwenye akaunti yake. Watoto tunaweza kulalamika?

Jibu: Poleni sana. Anayelalamika ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa kisheria, kwa hiyo anzeni na hati hiyo. Angalieni na muda: Financial Ombudsman Service huhesabu miaka 6 tangu tukio, au, kama ni baadaye, miaka 3 tangu mlalamikaji alipojua au alipopaswa kujua kwamba ana sababu ya kulalamika. Muda wa kufungua kesi mahakamani huhesabiwa peke yake, na barua kwa benki kwa kawaida haiusimamishi. Ukikaribia kuisha, mwombeni mwanasheria aitake benki isaini makubaliano ya kusimamisha hesabu hiyo.

Swali: Benki imenipa nusu ya nilichodai na fomu ya kusaini. Nisaini?

Jibu: Soma fomu kabla ya kutazama kiasi. Ikisema malipo ni “kwa kumaliza madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana”, saini yako inaweza kuyafunga hata makosa ambayo hujayagundua kwenye akaunti nyingine. Omba maneno hayo yabadilishwe, yahusu lalamiko lenye namba yako ya kumbukumbu tu. Uliza pia kama toleo hilo linabaki wazi ukienda kwa msuluhishi, na jibu walilete kwa maandishi.