Ukitaka kufanya utafiti wa misitu Amani au Udzungwa, Tanzania

Barua ya "napenda misitu, naomba nafasi" mara nyingi haijibiwi. Anayeisoma anataka kujua utapima nini, utakaa muda gani na kibali chako kimefikia wapi. Yaweke yote katika aya ya kwanza.

Kama hujawahi kufanya kazi msituni, anza na kozi za mwezi mmoja za Tropical Biology Association, ambazo zimefanyika Amani, Usambara Mashariki, na Kibale, Uganda. Waafrika wanaweza kuomba ufadhili. Ukishakuwa na swali lako mwenyewe, kiandikie kituo cha ikolojia cha Udzungwa kilichoko Mang'ula.

Kibali kianze kushughulikiwa angalau miezi sita kabla ya safari. Wengi hukwama kwa kudhani kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kinatosha, kumbe mwenye msitu naye lazima akubali: kwenye hifadhi ya taifa ni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), kwenye hifadhi ya mazingira asilia kama Amani ni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Kusafirisha sampuli nje ya nchi kuna kibali chake. Ukifika, kabla hujaingia msituni, ripoti kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Epuka masika, Machi hadi Mei.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo mtu hujulikana kama anafaa. Ploti, yaani eneo la kupimia miti, ya hekta moja ni mita 100 kwa 100, igawanye katika vipande 25 vya mita 20 kwa 20. Mlimani, shika tepu ikae mlalo. Ukiifuatisha mteremko, ploti itakuwa ndogo kuliko hekta. Pima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Tepu ipite chini ya mimea inayotambaa na kuvu, iguse gome. Usiikate mimea hiyo.

Mti wenye mizizi mipana kama mbao usipimwe kuizunguka mizizi hiyo. Panda ngazi, pima sentimita 50 juu ya pale inapoishia, kisha piga mstari wa rangi ili atakayerudi apime palepale. Kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo huongeza eneo la mkato wa shina kwa asilimia 21, na makadirio yote ya kaboni iliyomo mitini yanaharibika. Kibao cha namba kipigiliwe kwa msumari wa alumini, sentimita 30 juu ya mstari, kwa sababu shina huvimba penye msumari. Acha msumari utokeze, mti usije ukakimeza kibao.

Sampuli za majani zibanwe siku hiyohiyo. Mvua ikizidi, zifunge kwenye magazeti ndani ya mfuko wa nailoni na uzilowanishe kwa spiriti. Bila hivyo majani hupukutika na kuota ukungu. Jina ambalo mwenyeji anauita mti huo liandikwe hapohapo, kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwa umande. Na mwenyeji huyo alipwe mliyokubaliana kabla ya kupanda mlima.