Jinsi ya kutumia picha za 3D kuuza nyumba kabla hujachimba msingi

Kama unajenga apatimenti au nyumba nne tano za kuuza huku Madale, Goba, Kigamboni na kwingineko, unajua kabisa kwamba picha za 3D, zile za nyumba zinazochorwa kwa kompyuta, ndo zinaleta simu za kwanza. Shida inaanza siku mteja anapokuja saiti na simu mkononi, anaangalia picha, anaangalia kiwanja, anarudi kwenye picha, alafu anakwambia ngoja nikajipange. Huyo harudi. Mimi wamenipotea hivyo hivyo kwenye mradi wa nyumba nne, picha ilikuwa na lami nyeusi tii mpaka getini wakati pale getini kuna korongo, masika unapita kwa kuomba Mungu. Na mchoraji hakukosea, nilimrushia ramani ya PDF WhatsApp nikamwambia ipendezeshe, akaipendezesha.

Kwahiyo siku hizi kabla mchoraji hajawasha kompyuta naenda kiwanjani mwenyewe. Nasimama barabarani pale litakapotazama geti, simu usawa wa macho, kama mita 1.6 hivi, napiga mbele, kushoto, kulia, ukuta wa jirani, nguzo ya umeme, ule mwembe ambao hatutaukata. Namtumia na lokesheni ya Google Maps, na nyumba inatazama upande gani. Alafu vitu vya kweli vya kwenye bajeti: aina ya bati na rangi yake, madirisha, grili, pevingi, mlango. Kama bajeti yako ni pevingi ya kawaida usimwache aweke marumaru nje, utakuja kudaiwa hiyo marumaru. Droni ni nzuri sana kuonyesha njia ya kufika, ila ina vibali vyake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usirushe tu kwa sababu shemeji anayo.

Hapa kwenye jua naomba mnisikilize maana wengi wanaliwa hapa. Programu ya kuchora 3D kama SketchUp usipoiwekea mahali nyumba ilipo, inachukua kwamba uko Boulder, Colorado, Marekani, na kule jua la mchana linakaa kusini mwaka mzima. Sisi Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita utosini mwezi wa 3 na mwezi wa 10, katikati hapo, mwezi wa 6 na wa 7, linalala kaskazini. Sasa nyumba yako inatazama kusini, picha inaonyesha baraza linawaka jua zuri la asubuhi, mteja anakuja mwezi wa 7 anakuta ukuta wa mbele uko kivulini kutwa nzima. Kivuli Dar ni neema jamani! Ungekionyesha kwenye picha ungekiuza, ukaandika kabisa baraza halichomi. Muulize mchoraji swali moja tu, umeweka Dar es Salaam na umeweka mwezi gani, akianza kukohoa ujue bado.

Ndani ya nyumba mchezo mchafu uko kwenye lenzi na fenicha. Lenzi pana ya mm 16 inakifanya chumba cha mita 3 kwa 3 kionekane ukumbi wa harusi, mwambie akae mm 24 mpaka 35, kama kona haitoshi apige kutoka mlangoni basi. Na kitanda kiwe cha kwetu, futi 5 kwa 6, ambacho ni kama mita 1.52 kwa 1.83. Kwenye chumba hicho cha mita 3 ukiweka kitanda hicho na mbele yake kabati lenye kina cha sentimita 60 unabakiwa na sentimita 57 za kupita, na hapo hujahesabu mbao za kitanda. Ikionekana finyu kwenye picha ni finyu kweli, hamisha kabati au panua chumba wakati bado ni mstari kwenye ramani, hiyo ni faida ya 3D ambayo watu hawaisemi.

Kuna mama mmoja alikaa na picha ya jiko kama dakika kumi, anaivuta kwa vidole viwili, anairudisha, anaivuta tena. Nikajua anapenda granaiti. Akaniuliza, mwanangu, mtungi wa gesi unakaa wapi? Haukuwepo. Na simtanki? Haikuwepo. Kamba ya nguo je? Tangu siku hiyo kila seti ya picha zangu ina kakabati ka mtungi nje ya jiko, stendi ya simtanki nyuma, mashine za nje za AC, na uwani pa kuanikia. Wachoraji wanalalamika kwamba zinaharibu muonekano, waache walalamike, hao sio wanaonunua.

Magari na miti sitakaa sana. Weka IST au Noah, usukani kulia na gari ipite kushoto mwa barabara, toa misonobari ya Ulaya weka minazi, miashoki, mwarobaini. Watu wawe watu wa hapa, sio wazungu na mbwa.

Picha 6 au 7 zinatosha: mbele kutoka barabarani, ndani ya geti, sebule, jiko, masta, uwani, na ramani ya vyumba yenye vipimo. Ya jioni taa zimewaka iwe moja tu, ya bango, nyingine zote mchana. Omba kila moja kwa saizi tatu toka mwanzo, 1080 kwa 1350 ya Instagram, 1080 kwa 1920 ya status, na kubwa ya kuchapisha, mfano A3 inataka pikseli 4961 kwa 3508, ukichukua ya status ukaipeleka kwa mtu wa mabango utapata ukungu. Mteja wa WhatsApp mtumie kama dokumenti isiminywe. Na logo ipite juu ya ukuta wa nyumba yenyewe, ukiiweka pembeni dalali anaikata na kuweka namba yake.

Juu ya picha andika kwa herufi zinazosomeka: picha ya kompyuta, jengo halijajengwa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupotosha mnunuzi, na kwenye mkataba ambatanisha picha zile zile pamoja na orodha ya finishingi, ili mkigombana mnagombania karatasi moja.

Ujenzi ukianza usiache picha zife. Mimi nimepaka rangi nyekundu kwenye jiwe moja upande wa pili wa barabara, pale pale iliposimama kamera ya ile 3D ya mbele, na kila Jumamosi fundi anasimama juu yake anapiga moja na simu. Naiweka chini ya ile ya kompyuta naituma kwa wateja, hasa wale walioko Muscat ambao hawawezi kuja kuangalia. Wiki ya linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, mmoja alipiga simu kuuliza mbona dirisha la masta limesogea kushoto. Nikaenda kupima, lilikuwa limesogea kweli, sentimita 40, tukabomoa kozi tatu za tofali.