Kasha la boti linalotoka jasho

Boti yangu ni ya faiba, futi 19, naiegesha Shela. Misimu miwili nilikuwa nikipaka gundi kasha la omo, yaani la mbele ya boti, nikidhani linavuja. Kumbe linatoka jasho tu!

Pima hivi: suuza kasha kwa maji matamu, likaushe kwa kitambaa, lifunge usiku kucha. Alfajiri pitisha kidole chini ya kifuniko, ulambe. Ikiwa ni chumvi, tafuta ufa. Ikiwa si chumvi, na mvua haikunyesha, basi ni hewa ya joto uliyoifungia humo: faiba ikipoa usiku, mvuke wake hugeuka matone.

Dawa ni upepo. Nilitoboa tundu mbili, moja chini, moja juu upande wa pili, nikaweka wavu. Vitu navilaza juu ya fito, visiguse faiba. Kamba na majaketi ya kuokolea suuza kwanza, maana chumvi huvuta unyevu na haikauki. Mkaa kwenye kiroba husaidia kidogo, lakini masika uanike kila jua likitoka. Nikishuka, kila kifuniko nakiegemeza kwa kifuu cha nazi.