SOMO: Kumtafuta mtu aliyepotea kwa kutumia droni

Wadau, nimeulizwa hili swali sana nikaona bora niandike mara moja. Kwanza itoeni kichwani ile picha kwamba droni inapaa dakika mbili mtu keshaonekana, haiko hivyo, kazi kubwa ni macho na mpangilio.

Hatua ya 1. Kabla hujawasha chochote nenda kwa anayeongoza msako ajue upo. Droni isiyojulikana hewani inaweza kufanya helikopta ya uokoaji ishindwe kusogea, na hapo wewe ndo umekuwa tatizo. Ukisikia helikopta inakuja, shusha, usisubiri kuambiwa.

Hatua ya 2. Uliza alionekana wapi mara ya mwisho, saa ngapi, kavaa rangi gani, umri wake, ni mgonjwa au mzima. Mtoto mdogo anaweza kujikunja kichakani na asiitike hata akiitwa jina. Anzia pale alipoonekana, fuata vijia, kingo za mto, makorongo.

Hatua ya 3. Ruka kwa mistari, nenda rudi kama trekta shambani, usizurure. Hapa watu wengi wanajidanganya kwahiyo tupige hesabu: mwendo wa mita 5 kwa sekunde ni mita 300 kwa dakika, kwa dakika 20 ni kilomita 6, mistari ikiachana mita 40 umemaliza hekta 24 na hapo hatujatoa muda wa kugeuza. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Sasa jiulize una betri ngapi. Na betri ikifika asilimia 30 rudi, baridi na upepo wa mbele vinaila haraka.

Hatua ya 4. Muwe wawili, mmoja rimoti mwingine skrini tu. Pokezaneni kila baada ya dakika 20 hivi, jicho likichoka linatazama ila halioni.

Hatua ya 5. Ukiona kitu, simama hapohapo angani, piga picha, chukua koodineti, yaani namba za mahali hapo kwenye ramani. Zisome kwa mfumo uleule wanaotumia timu ya chini, maana kuna desimali na kuna digrii na dakika, mkichanganya wanaenda kusiko kabisa.

Hatua ya 6. Weka alama kwenye ramani ulikopita. Andika "hatujamwona", usiandike "hayupo", chini ya miti mizito hizo ni habari mbili tofauti.

MASWALI

Mkuu, kamera ya joto si inaona mpaka ndani ya nyumba na majini?
Hapana ndugu, inasoma joto la uso wa kitu tu, sio la ndani. Ukuta, maji, hata kioo cha dirisha haipenyi. Mtu aliyejifunika blanketi zito anaweza kuonekana hafifu sana.

Saa ngapi inafaa zaidi?
Alfajiri, kama saa 11 hivi, ardhi imeshapoa usiku kucha. Saa 9 mchana kila jiwe lililopigwa jua linang'aa kama kichwa cha mtu, utawapeleka wenzako kwenye mawe hadi wachoke na wewe.

Mwalimu, mi droni yangu ni ya kawaida haina hiyo kamera, nikae nyumbani?
Usikae. Elekeza kamera chini, piga picha zinazopandana kidogo, halafu zikuze kwenye kompyuta moja moja. Usitafute umbo la mtu, tafuta rangi isiyo ya pale, kitambaa cha bluu kwenye majani makavu kinajitangaza chenyewe.

Yangu ina spika, nimwite?
Mwite ila droni haisikii, propela zinafunika sauti yake. Ukishaita isogeze mbali, wa chini watulie wasikilize. Na maneno yawe mafupi, "kaa hapohapo tunakuja", maana akianza kuifuata droni gizani anaweza kutumbukia korongoni.