Kayaba: Kupanda na Kutunza Ua Usiolilia Maji Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kijani cha mwaka mzima, na ambaye mgao wa maji umemfundisha kutoitegemea bomba, hana haja ya kutafuta mmea wa ajabu. Kayaba imo mjini humu tangu enzi za ukoloni; imezunguka makazi mengi ya Karen na Lang'ata, na mtaa wa Mukuru Kayaba unabeba jina hilo hilo. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina lake ni la Kiingereza, Kei apple, lililolainishwa na ndimi za wenyeji, nalo linatokana na Mto Kei wa Afrika Kusini. Wataalamu wa mimea huiita Dovyalis caffra. Kiswahili nacho kinatuchezea kidogo hapa, kwa maana ua wa kayaba hauna ua la kujivunia: maua yake ni madogo, ya rangi ya kijani iliyofifia, wala hayana petali. Kinachotafutwa ni majani mazito yanayong'aa ambayo hayapukutiki kwa msimu, na miiba mirefu ambayo hakuna mwizi anayeizoea.

Jambo la kufahamu kabla ya kununua hata mche mmoja ni kwamba sifa ya kuvumilia ukame ni ya kayaba iliyokwisha kushika mizizi, si ya mche uliotoka kitaluni jana. Wengi husikia kwamba mmea huu haufi kwa kiu, wakaupanda na kuupa kisogo, kisha Februari wakashangaa kuona safu ya vijiti vikavu. Kwa miaka miwili ya kwanza kayaba huhitaji kulelewa, na baada ya hapo ndipo huanza kujitegemea.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa masika, yaani mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, mara ardhi inapokuwa imelowa hadi chini. Wapo wanaopendelea vuli ya Oktoba, nami siwalaumu, lakini hesabu ya majira ya Nairobi haiwapi nafasi kubwa: mche wa Oktoba hupata mvua ya miezi miwili au mitatu tu kabla ya kukutana na jua la Januari na Februari, ilhali mche wa Aprili hunyeshewa hadi Mei, kisha ukapitia Juni, Julai na Agosti chini ya mawingu na baridi, wakati ambapo ardhi hukauka polepole na mizizi ina nafasi ya kuteremka bila shinikizo.

Udongo ndio unaoamua namna ya kuchimba. Penye udongo mwekundu, kama Kabete na Runda, kazi ni nyepesi: chimba mtaro wenye upana na kina cha sentimita 40, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri kwa kiasi cha debe moja kwa kila mita mbili, kisha urudishe. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama Embakasi na Syokimau, usifanye hivyo hata kidogo. Udongo ule hushika maji kama sufuria, na mtaro uliojazwa udongo laini katikati yake hugeuka kuwa karai ambamo mizizi huzama muda wote wa masika. Kayaba huvumilia kiu kuliko inavyovumilia kusimama majini, na ukiona majani ya mche wako yakigeuka manjano mwezi Mei, si maji yanayokosekana. Dawa ni kuinua tuta la kimo cha sentimita 30 hivi, kupanda juu yake, na kuchimba mfereji mdogo pembeni wa kuyatoa maji.

Miche hupatikana kwa urahisi katika vitalu vya kando ya barabara. Usivutiwe na mirefu. Mche wa sentimita 25 wenye shina nene na matawi yaliyoanzia chini una thamani kuliko wa mita moja uliorefuka kwenye kivuli, ambao mizizi yake imejizungusha ndani ya mfuko kama kamba. Anayetaka kuanza na mbegu na azitoe katika matunda yaliyoiva, azioshe nyama yote, azikaushe kivulini kwa siku chache na kuzipanda zingali mpya. Njia hii ni ya gharama ndogo, ila itamchukua karibu mwaka mmoja kabla ya kuipeleka miche bustanini.

Panda mche kila baada ya sentimita 40, ukiacha angalau mita moja kutoka kwenye mpaka au ukuta, kwa kuwa ua uliokomaa hunenepa na utahitaji nafasi ya kupita upande wa pili ukiwa na makasi. Kwa safu ya mita 20 utahitaji miche 51, na mingine mitano ya akiba ya kuziba mapengo. Usizike shina kuliko lilivyokuwa mfukoni. Baada ya kupanda, tandaza nyasi kavu au majani kwa unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina, hasa pale ambapo mchwa ni wengi.

Kuhusu maji, kosa la kawaida ni kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji ya juujuu hufundisha mizizi kubaki juujuu, na mizizi ya namna hiyo ndiyo inayoungua kiangazi kinapofika. Mwaka wa kwanza, wiki isiyo na mvua, upe kila mche lita 5 kwa mkupuo mmoja, ukimimina polepole mpaka zizame. Kwa miche 50 hizo ni lita 250, yaani mitungi kumi na miwili na nusu ya lita 20. Si haba kwa nyumba inayopata maji siku chache tu kwa wiki, lakini maji ya kusuuzia nguo au mboga yanatosha kabisa mradi hayana dawa ya kung'arisha. Mwaka wa pili ongeza hadi lita 10, ila mara moja tu kwa wiki mbili au tatu. Kuanzia mwaka wa tatu, acha mvua ifanye kazi yake, na uingilie kati pale tu kiangazi kinapopitiliza na majani yakaanza kujikunja.

Sasa tufike kwenye makasi, ambako nyua nyingi za Nairobi huharibikia. Mwenye nyumba hutaka kujificha macho ya jirani upesi, kwa hiyo huuacha mmea upande juu bila kuugusa. Baada ya miaka mitatu ana ukuta wa kijani kuanzia kiunoni kwenda juu, na chini kuna uwazi ambao mbwa wa mtaa mzima hupitia. Uwazi huo hauzibiki kwa samadi wala kwa maji. Mche ukifika sentimita 40, ukate hadi 20, hata kama mkono unasita. Utachipua matawi matatu au manne karibu na ardhi. Kila yanapoongezeka sentimita 20, ondoa nusu ya ongezeko hilo, na uendelee hivyo hadi ufikie kimo unachotaka. Chini pawe papana kuliko juu, tuseme sentimita 90 kwa 60, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Ua uliokwisha kukamilika hupunguzwa mwishoni mwa masika na mwishoni mwa vuli. Usikate Januari, kwa sababu machipukizi mapya yatakutana na jua kali yakiwa bado machanga.

Vaa glavu za ngozi na viatu vigumu, na kama chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani, ihuishe kabla ya kuanza. Kagua kwanza kama kuna viota. Matawi yaliyokatwa yazolewe siku hiyo hiyo, maana mwiba mkavu wa kayaba hutoboa gurudumu la gari bila shida, na jirani mwenye pancha haulizi ulikuwa ukitunza mazingira.

Wadudu si tatizo kubwa. Mbuzi na ng'ombe wanaopitishwa mitaani wakati wa kiangazi ndio wa kuangaliwa, kwa sababu hupenda machipukizi laini ambayo miiba yake haijakomaa.

Matunda ya manjano hutokea kwenye mimea ya kike peke yake, na ua unaokatwa mara kwa mara huzaa machache. Ni machachu kiasi cha kukunja uso, ila hufaa sana kwa jamu. Ukiyahitaji, acha mmea mmoja au miwili ya pembeni ikue bila kukatwa, na uyachume mapema, kwa maana ndege aina ya kuzumburu nao huyapenda.

Aliyerithi ua mzee wenye miguu mitupu asiung'oe. Mwanzoni mwa Machi aukate wote kwa msumeno hadi sentimita 40 kutoka ardhini, auwekee samadi, kisha ayapunguze machipukizi kama afanyavyo kwa mche mpya. Kwa msimu mmoja atakuwa hana faragha, na ni vyema amweleze jirani mapema.